Mtoto wa miezi 7 katapika baada ya kula tofu: ni soya, ni jino au ni nini?

1. MamaEsau_Isyesye
Habari za jioni wadau. Niko Mbeya, huyu ni mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, alitimiza miezi 6 mwezi uliopita ndo nikaanza kumpa chakula. Kaanza vizuri tu, uji, kiazi mviringo cha kuponda, ndizi ya kuchemsha, parachichi ndo usiseme. Asa jirani yangu anatengeneza tofu nyumbani akanishauri nimpe mtoto kwa sababu ina protini na ni laini haina mfupa wala ganda. Jumapili nikampa vijiko viwili vya chai, hakuna kitu. Jumatano saa nne asubuhi nikampa tena kama vijiko vinne nimeiponda na parachichi. Saa sita na nusu hivi nimembeba mgongoni nasikia kitu cha moto shingoni, katapika. Nikajua kacheua, nikamfuta, haijapita dakika kumi tena, na tena, mara nne jumla, ya mwisho ilikuwa maji ya njano tu. Midomo ikapauka, akalegea, akalala begani kama saa nzima na mimi nalia. Hakuwa na joto, hakuwa na vipele, hakuharisha. Jioni akanyonya kama kawaida na kucheka anacheka. Mama mkwe anasema ni jino. Jirani anasema haiwezi kuwa tofu maana watoto wake wote wamekulia hiyo. Mwenye kujua anisaidie, niendelee nayo au niache kabisa?

2. Mnyalu_wa_Mafinga
Kamwene dada, pole sana. Tofu ndo nini?

3. kijana_wa_Kabwe
Mkuu hapo juu, tofu ni zile soya kavu za kwenye pakiti, ukiziloweka zinavimba zinakuwa kama nyama. Hata mi nisingempa mtoto wa miezi 7, zile zinataka meno.

4. Dorika_Ilomba
Hapana kijana, hizo ni vitu viwili tofauti. Za kwenye pakiti tunaita nyama ya soya, zile zinatokana na unga wa soya ulioshakamuliwa mafuta kiwandani. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, ni kama jibini nyeupe, imeanzia China miaka mingi sana. Sisi Wasabato tunaitengeneza nyumbani, naweza kusema nimeanza nikiwa darasa la tano.

MamaEsau, muulize jirani yako anapikaje, maana jibu linaweza kuwa humo. Soya unaichagua, unailoweka usiku kucha, asubuhi unaifikicha kwenye maji mpaka maganda yaelee uyamwage, unasaga kwa blenda au kinu, unachuja kwa kitambaa, halafu yale maziwa unayabandika motoni. Hapo ndo wengi wanakosea. Maziwa ya soya yana ulaghai, yanapanda povu mapema sana, sufuria inafurika na mtu anaona yamechemka anaipua. Hayajachemka! Lile ni povu tu, chini bado hata hayatokoti. Unapunguza moto, unakoroga povu lishuke, unaacha yatokote kweli kweli dakika 20 au zaidi, na unakoroga mpaka chini kwa mwiko wa mti kwa sababu yanashika. Ndo unatia limau au siki, yanakatika, unakamua kwenye kitambaa na kukandamiza na jiwe.

Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo lisimeng'enye protini, na ni moto tu unaoviua. Mtu mzima akila soya ambayo haijaiva tumbo linajaa gesi na kuuma, sembuse mtoto wa miezi 7. Mimi nasema haikuiva.

5. Mwalimu_Fizikia_Njombe
Niongezee kwa Dorika. Watu wa nyanda za juu tunasahau kitu kimoja, huku maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kila ukipanda kama mita 300 kutoka usawa wa bahari unapoteza karibu nyuzi 1. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kwa hiyo maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi. Kyela kule chini ziwani ni kama mita 500, wao wanapata 98. Ndo maana maharage yale yale, gunia moja, Kyela yanaiva mapema na Njombe unakesha nayo. Kwa hiyo mtu akisoma sehemu kwamba soya ichemshwe dakika 20, na aliyeandika yuko Dar, wewe wa Isyesye usiishie hapo hapo. Mwenye presha kuka aitumie.

6. kijana_wa_Kabwe
Asante Dorika kwa kunisahihisha. Ila mwalimu, nyuzi 94 na 98 tofauti si ndogo tu? Bibi zetu wamepika maharage Makete huko juu kabisa na hakuna mtoto aliyedhurika.

7. Mwalimu_Fizikia_Njombe
Bibi zetu walibandika jioni wakala kesho yake mchana. Muda ulikuwepo. Sasa hivi watu wanapikia gesi na wanaionea huruma.

8. Nesi_Mstaafu_Ipogolo
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka mingi hapa Iringa. Mama Esau, kwanza nikuambie bila kukuficha, siku ile mtoto alipolegea ulitakiwa uende kituo cha afya muda ule ule. Mtoto anayetapika kila kitu, anayelegea, anayeshindwa kunyonya au anayepata degedege hasubiriwi jioni. Sikugombezi mwanangu, mtoto wa kwanza kila mtu anachanganyikiwa, ila ulishike hilo.

Pili, ulivyosimulia mimi nimeshtuka kitu kingine tofauti na Dorika. Aleji tuliyoizoea inakuja haraka, dakika chache mpaka saa mbili, vipele, midomo kuvimba, kukohoa, kupumua kwa shida. Ila ipo aleji nyingine ya tumboni inayochelewa. Mtoto anakula vizuri, inapita saa moja mpaka nne, anaanza kutapika mfululizo, anapauka, analegea kama kitambaa, baada ya masaa anarudi kawaida kama hakuna kilichotokea. Vipele hamna, homa hamna. Madaktari wanaiandika FPIES, na soya imo kwenye vyakula vinavyoisababisha, pamoja na maziwa ya ng'ombe, hata mchele. Na si lazima ijitokeze mara ya kwanza kulishwa, inaweza kuja mara ya pili au ya tatu. Wewe alikula saa nne, akatapika saa sita na nusu. Sijamuona mtoto kwa hiyo sisemi ndiyo hiyo, nasema tofu usimpe tena, hata kijiko cha kujaribu, mpaka daktari wa watoto amuone.

9. Bibi_wa_Tukuyu
Mwagonile bajukuu. Jino hilo. Miezi saba ndo wakati wake. Mimi nimelea tisa, kila mmoja jino la kwanza lilikuja na kutapika au kuharisha. Tena hiyo soya ya nini wakati Rungwe tuna ndizi, tuna maziwa, tuna parachichi hadi zinaoza chini ya mti? Mpondee ndizi mtie maziwa, atanenepa.

10. Nesi_Mstaafu_Ipogolo
Shikamoo bibi. Jino linaleta udenda na ufizi kuwasha na mtoto kununa, kutapika mara nne mpaka maji ya njano sio jino. Tumepoteza watoto kwa sababu watu walisema ni jino wakasubiri. Na maziwa ya ng'ombe kutia kidogo kwenye chakula sawa, ila kumfanyia ndo kinywaji chake kikuu bado mpaka afike mwaka, sasa hivi ni ziwa la mama.

11. Bibi_wa_Tukuyu
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa la kutosubiri. Ila ufizi auangalie tu.

12. baba_mapacha_Mwanjelwa
Wadau mnazunguka, mimi swali langu ni moja, mtoto wa kiume anapewaje soya? Si wanasema ina homoni za kike, atakuja kuota matiti? Mke wangu alitaka kuwapa mapacha nikakataa.

13. Dorika_Ilomba
Baba mapacha hilo nimelisikia tangu nikiwa binti. Kaka zangu watatu wamekulia maziwa ya soya na wote wana ndevu na watoto, njoo kanisani nikuonyeshe.

14. Mfamasia_wa_Mafiati
Asijibiwe kwa ndevu tu jamani, swali lake ni la kweli. Soya ina isoflavoni, ni kemikali za mmea zenye umbo linalofanana kiasi na homoni ya estrojeni, lakini nguvu yake ni ndogo sana ukilinganisha na homoni yenyewe. Nchi kama Marekani kuna maziwa ya kopo ya soya kwa ajili ya watoto wachanga, yametumika miongo mingi kwa watoto wasiopatana na maziwa ya ng'ombe, na watoto wa kiume wamo, na utafiti mpaka leo haujaonyesha kwa uhakika kwamba yanawaharibu. Na huyo anayelelewa kwa kopo anakunywa soya kutwa nzima, Esau kala vijiko vinne. Japani na China mtoto anaanza tofu kwenye umri huu huu. Ila msichanganye, maziwa ya soya ya nyumbani sio maziwa ya kopo, hayana madini na vitamini zilizoongezwa, usije ukampunguzia mtoto ziwa ukampa hayo.

15. baba_mapacha_Mwanjelwa
Sawa nimesoma. Nitaongea na mama mapacha, ila kwa hii habari ya kutapika ndo kabisa ataogopa yeye.

16. Mkulima_Namtumbo
Salaam kutoka Ruvuma. Nalima soya ekari nne. Kuna kitu hamjakitaja, soya mmenunua wapi? Msimu wa kupanda ukiisha kuna watu wanabaki na mbegu, na mbegu inatiwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu, ina rangi, pinki au kijani. Wengine wanaiosha rangi wanaichanganya na soya ya kula wanauza sokoni. Nimeona kwa macho yangu gulioni, nikamwambia mama mmoja aache, akaniambia nisimharibie biashara. Ukiloweka soya maji yakawa na rangi isiyo ya kawaida mwaga yote. Soya nzuri inatoa maji ya njano mpauko tu.

Na kwa faida ya wengine, soya yetu sasa hivi inatafutwa sana tangu China ifungue soko kwa Tanzania 2020, kwa hiyo nzuri inaenda mbali na sokoni mnabakiwa na mchanganyiko. Tafuteni mkulima mnunue kwake, au mlime wenyewe hata kipande, Uyole hapo Mbeya watafiti wana mbegu zao, Uyole Soya 1 inafanya vizuri.

17. kijana_wa_Kabwe
Mkulima kilo ngapi unaweza kutuma Mbeya kwa basi?

18. Mkulima_Namtumbo
Njoo inboksi tuongee, uzi wa mtoto huu.

19. MamaEsau_Isyesye
Asanteni sana wote, nasoma kila mmoja. Nimeenda kwa jirani nikamuuliza bila kumlaumu, ni mtu mwema sana kwangu, nilipojifungua ndo alikuwa ananifulia. Anapika hivi: soya analoweka usiku, anasaga kwa blenda, anachuja, anachemsha “mpaka povu lipande”, anaipua, anatia limau. Nikamuuliza dakika ngapi baada ya povu, akasema hahesabu. Soya kanunua Mwanjelwa, maji hayakuwa na rangi. Watoto wake walikula tofu ile ile Jumapili hawakupata kitu, lakini mdogo ana miaka minne.

Kingine ambacho sikuandika mwanzo, uji wake Jumanne nilibadilisha unga, nikaanza unga wa lishe niliopewa na wifi, una mahindi, ulezi, mchele, karanga, soya na dagaa. Jumatano asubuhi saa moja alikunywa huo. Sijui kama unahusika.

20. Mama_wa_Watatu_Makambako
Unahusika! Dada mimi naupigia kelele huu unga wa lishe kila siku. Vitu sita kwenye pakiti moja, mtoto akidhurika utajuaje ni kipi? Halafu karanga na dagaa ukishasaga pamoja na mahindi ukaweka kwenye ndoo miezi miwili mafuta yanaoza, unga unakuwa mchungu. Na karanga na mahindi ndo nyumba ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mnakumbuka 2016 Dodoma na Manyara watu walivyougua na wengine kufa. Mimi nasaga nafaka moja peke yake, karanga natwanga za siku hiyo hiyo tu, siweki akiba.

21. Mfamasia_wa_Mafiati
Makambako uko sawa kuhusu kusaga kila kitu mbali. Ila sumukuvu haiji masaa matano na nusu baada ya kula ikaisha jioni mtoto anacheka. Kilichotokea 2016 watu walikula mahindi yenye sumu nyingi ini likaharibika. Usimtishe mama Esau bure.

22. Mama_wa_Watatu_Makambako
Simtishi, namwambia autupe. Na soya ya kwenye huo unga ilikaangwa? Wengi wanasaga mbichi, wanasema uji utaiva wenyewe, dakika kumi uji umeshushwa. Kwa hiyo mtoto kapata soya mbichi saa moja na nyingine saa nne.

23. Dorika_Ilomba
Hapo umeongea. Soya ya unga lazima ichemshwe, ikaushwe, ikaangwe ndo isagwe.

Mama Esau nina swali, tofu ya Jumapili na ya Jumatano ni ile ile moja au alitengeneza nyingine?

24. MamaEsau_Isyesye
Ile ile dada. Ilikuwa kwenye bakuli la maji jikoni, nimefunika na sahani. Friji hatuna. Haikuwa na harufu mbaya.

25. Dorika_Ilomba
Mungu wangu. Siku tatu! Mimi bila friji tofu nailaza usiku mmoja tu, maji nabadilisha asubuhi na jioni, na nikimpa mtoto naichemsha upya vipande vidogo dakika kumi. Basi nabadilisha, namba 4 nilisema haikuiva, sasa nasema iliharibika.

26. Mnyalu_wa_Mafinga
Lakini Julai hii Mbeya si ni friji yenyewe? Sisi Mafinga maziwa yanalala mezani siku mbili.

27. Mfamasia_wa_Mafiati
Usiku ndiyo baridi kali, mchana jikoni kuna moto wa kupikia na jua linaingia. Chakula laini chenye maji na protini nyingi ndo bakteria wanakipenda, na kuna wanaotoa sumu ya kutapisha ndani ya saa moja mpaka tano, bila homa, halafu inaisha siku hiyo hiyo. Kunusa hakutoshi. Nesi, hii na ile aleji yako ya kuchelewa zinafanana mno, unazitofautishaje?

28. Nesi_Mstaafu_Ipogolo
Kwa tukio moja huwezi kuzitofautisha, ndo ukweli. Zinatofautishwa kwa historia, ikijirudia na chakula kile kile kikiwa kipya na safi ndo unaanza kusema aleji. Na huko kurudia sitaki kufanyike nyumbani Isyesye mama akiwa peke yake na mtoto mgongoni. Kafanyie mbele ya daktari.

Niwasahihishe pia neno, kuna mtu kaniandikia pembeni kwamba mtoto “kaachishwa ziwa”. Hajaachishwa. Kuanzia miezi 6 tunampa chakula cha nyongeza, ziwa linaendelea mpaka miaka miwili na zaidi. Miezi 6 mpaka 8 milo miwili au mitatu, uji mzito unaokaa kwenye kijiko, sio wa kumiminika. Na chakula kipya kimoja kimoja, umpe siku kama tatu hivi ndo uongeze kingine. Wiki ile Esau alipata tofu na unga mpya pamoja ndo maana leo tunabishana.

29. Mnyalu_wa_Mafinga
Nesi hapo kwenye uji mzito naomba useme kwa sauti. Mkoa wetu wa Iringa tunalima kila kitu, mahindi, viazi, maharage, alizeti, matunda, na kwenye takwimu za 2022 zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati taifa zima ni kama 30 kwa mia. Inaniuma sana. Mimi nafikiri ni akina mama kwenda shamba alfajiri mtoto anaachwa na dada yake wa miaka minane na chupa ya uji mwepesi.

30. Nesi_Mstaafu_Ipogolo
Umegusa mulemule. Wengine wanasema ni ugali peke yake bila mboga ya maana, wengine minyoo na maji, wengine pombe za nyumbani, mimi nimeona vyote. Kwa hiyo sitaki mtu asome huu uzi aseme soya ni mbaya. Maharage ya kuponda na kuchujwa maganda, yai lililoiva, usipa wa Nyasa waliokaangwa na kusagwa laini, maini, vyote vinampa protini na madini ya chuma, na baada ya miezi 6 chuma ndo kinachopungua. Maharage na soya vina kitu kinachozuia chuma kisiingie vizuri mwilini, ndo maana ukimpa mpe na chungwa au nyanya.

31. Dorika_Ilomba
Na tofu ya limau haina kalsiamu nyingi kama ile ya viwandani wanayogandisha kwa chumvi ya kalsiamu, hilo watu wanalinganisha bila kujua.

32. Mama_Glory_Tunduma
Mimi wangu soya ilimtapisha hivyo hivyo akiwa na miezi minane, tuliiacha, tukampa maharage tu. Alipofika miaka mitatu tulijaribishiwa hospitali, akala, mpaka leo anakula hadi anaomba. Kwa hiyo hata kama ni aleji usilie mdogo wangu, wengi inawaisha wakikua.

33. baba_mapacha_Mwanjelwa
Mama Glory na maziwa ya ng'ombe je, hakutapika?

34. Mama_Glory_Tunduma
Maziwa hapana, alivumilia vizuri. Kila mtoto na lake.

35. MamaEsau_Isyesye
Mama Glory umenipa moyo, Mungu akubariki. Unga wa wifi nimempa kuku. Kesho ni siku yake ya kliniki, nimeandika kwenye daftari kila alichokula kuanzia Jumapili na saa zake kama nesi alivyosema kuhusu historia, nitaomba rufaa ya daktari wa watoto. Jirani leo kaniita jikoni kwake tukachemsha soya pamoja, tumeweka simu kuhesabu dakika. Povu lilipanda mara tatu, mara ya kwanza hata dakika nne hazijafika. Alishangaa sana mpaka akakaa chini. Tofu tumekula sisi wakubwa, Esau nimempa kiazi na yai.

Bibi wa Tukuyu, nimepitisha kidole ufizi wa chini kama ulivyosema. Kuna kitu kinakwaruza.

36. Bibi_wa_Tukuyu
Nilisema mimi! Ndaga fijo mjukuu wangu kwa kuniangalilia.

37. Nesi_Mstaafu_Ipogolo
Hongera kwa jino, bibi na mama. Daftari usilisahau kesho.

38. MamaEsau_Isyesye
Lipo kwenye mfuko wa kanga pamoja na kadi. Anang'ata kijiko hapa hataki kukiachia.